Mwalimu, sweta na alama za mkanda: Mafunzo ya kuwasaidia watoto wa Njombe

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MWEZI Julai mjini Njombe mwanafunzi huvaa sweta tangu asubuhi hadi arejeapo nyumbani, na hakuna anayemshangaa, kwani baridi ya nyanda hizi ni kali. Sweta hilo hilo laweza kuficha alama za mkanda kwa wiki nzima.

Ndiyo sababu mafunzo ya kuwaandaa watumishi wa shule kuwasaidia watoto walioathiriwa na ukatili wa nyumbani hayaishii kwenye majeraha. Hutazama zaidi mwenendo: mtoto hodari anayeporomoka ghafla, anayesinzia kipindi cha kwanza kwa kuwa usiku kucha alisikiliza ugomvi, au anayezubaa uwanjani baada ya kengele ya mwisho. Hata asiyepigwa yeye, bali anayeshuhudia mama akipigwa, ni mwathirika.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, ulionesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotajwa zaidi kuwa watendaji ni ndugu na walimu.

Mkoa wa Njombe una mazingira yake. Utafiti wa 2022/23 uliukuta na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima, na wapo watoto wanaolelewa na bibi, shangazi au baba wa kambo. Makambako nako, mahali barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapokutana na ile ya Songea, familia za wapangaji huja na kuondoka. Mtoto huweza kuhama kabla mwalimu hajamfahamu mlezi wake.

Mwanzoni mwa 2019, mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina yaliutia mkoa hofu kubwa, na macho yakaelekezwa kwa watu wasiojulikana. Mafunzo haya yanadai jambo gumu zaidi: kumtazama pia mtu anayejulikana.

Je, mtoto akieleza, mwalimu afanye nini? Kwanza amsikilize mahali patulivu, bila kumhoji kama mtuhumiwa. Asimwahidi kuwa itabaki siri, maana ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Aandike siku hiyo hiyo maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Kosa linaloonekana dogo, lakini lenye madhara makubwa, ni kumwita mzazi anayetuhumiwa ili "kuyamaliza". Jioni mtoto hurudi nyumba ile ile, na safari hii anajulikana kuwa amesema.

Aidha, mafunzo yasiishie kwa walimu. Mpishi humwona mtoto anayekula kwa pupa kila Jumatatu. Mlinzi humwona anayefika kabla ya alfajiri. Matroni husikia anayelia usingizini.

Hata hivyo, upo mgongano ambao haufai kufumbiwa macho. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Lakini shuleni viboko visivyozidi vinne bado vinaruhusiwa kwa idhini ya mkuu wa shule. Mtoto aliyechapwa saa mbili asubuhi kwa kuchelewa hatamweleza mchapaji huyo saa nne kwamba alichelewa kwa sababu baba alimfungia mama nje.

Mabadiliko yanawezekana. Utafiti uliochapishwa 2018 ulihusisha shule nane za sekondari za serikali nchini, nne kati yake zikipewa mafunzo ya siku chache kuhusu nidhamu isiyo ya fimbo na namna ya kuwatambua wanafunzi wanaohitaji msaada. Miezi mitatu baadaye, ukatili wa walimu ulikuwa umepungua zaidi katika shule hizo nne.

Baada ya kusikiliza, njia ni hii: mwalimu wa ushauri na unasihi humjulisha mkuu wa shule, kisha taarifa hufikishwa kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwenye jeraha hupelekwa hospitali bila kusubiri kikao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mwanajamii yeyote wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, hivyo mwalimu hahitaji ruhusa ya mzazi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, bila malipo.