Njia ndefu ya kuvaa joho la uwakili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wa Tanzania waliosoma tahasusi za HKL na HGL huanza kuulizana: sheria tukasome wapi? Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mzumbe? Dodoma, Mtakatifu Augustino kule Mwanza, au Iringa? Majibu wanayopewa na kaka zao huwa yamejaa sifa za majengo, jina la chuo na wakubwa waliopita pale. Ni mara chache mtu akamwambia kijana kwamba baada ya shahada kuna mlango mwingine, na kwamba huo ndio wa kuufikiria tangu anapojaza fomu.

Mlango wenyewe ni Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mitaani na mahakamani inajulikana zaidi kwa jina la Law School. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwenye shahada anayetaka kuwa wakili wa kujitegemea hupita hapo kwa mwaka mmoja, kwanza darasani, kisha kwenye mafunzo ya vitendo mahakamani na katika ofisi za mawakili. Wala si mawakili peke yao. Siku hizi matangazo ya kazi ya hakimu mkazi na wakili wa Serikali nayo humtaka mwombaji awe amehitimu hapo.

Oktoba 2022 nchi nzima ilizisikia habari za mlango huo. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu masomo yote kwa mkupuo. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, au kwa lugha ya chuoni, walipata sapu. Waliobaki, 265, walianguka kabisa. Kelele zikaanzia mitandaoni zikafika hadi kwa wakubwa, na waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyewahi kufundisha Mlimani. Kuna waliosema Law School inakomoa. Kuna waliosema vyuo vikuu vinagawa alama kama njugu.

Kwa kijana anayechagua chuo leo, ugomvi huo hauna faida kubwa. Cha maana kwake ni kujua mtihani ule unapima nini ambacho hakipatikani kwenye desa.

Desa kila aliyepita chuo analijua: kurasa za noti zilizotolewa kopi mara ishirini, zinazorithishwa na mwaka wa tatu kwa mwaka wa kwanza, na kuuzwa kwenye vibanda vya stesheneri nje ya geti. Lina msaada wake usiku wa kuamkia mtihani. Lakini tuangalie linavyoitendea kesi moja ambayo wanafunzi wengi wa sheria nchini hukutana nayo, ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Kwenye desa huwa ni mstari mmoja: mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo. Basi.

Hukumu yenyewe ni habari nyingine. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akafungua kesi mahakama ya mwanzo kule Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, aliyetoa hukumu Februari 1990.

Hapo ndipo masomo yalipo. Jaji hakusema tu kwamba mila ni mbaya. Alianza na Katiba, ambayo mwaka 1984 ilikuwa imeingiziwa haki za binadamu, akapita kwenye kifungu cha sheria ya mpito kinachoiruhusu mahakama kuisoma sheria ya zamani kwa namna inayoendana na Katiba, kisha akagusa mikataba ya kimataifa ambayo nchi ilikuwa imeridhia. Alipomaliza, mwanamke alikuwa amewekwa sawa na mwanamume. Sawa kabisa, hata kwenye masharti: kwa kuwa ardhi iliyouzwa na mwanamume wa ukoo ingeweza kukombolewa na ndugu zake, mpwa naye alipewa nafasi ya kuikomboa ndani ya miezi sita kwa kulipa zile 300,000. Mwenye desa hajui habari ya kukomboa. Akiulizwa mteja wake afanye nini sasa, anakwama, maana jibu liko kwenye sehemu aliyoiruka.

Na Law School ndivyo inavyouliza. Haimtaki mtu ataje jina la kesi. Inampa masimulizi ya mteja, yenye tarehe zilizochanganyika na mambo mengine yasiyohusika, kisha inamtaka aandike hati ya madai, au aseme shauri linafunguliwa mahakama ipi, au kama muda wa kufungua umeshapita. Aliyezoea kusoma hukumu nzima huziona tarehe haraka. Bahati nzuri hukumu hizo sasa zinasomeka bure kwenye intaneti kupitia tovuti ya TanzLII, kwa simu tu. Mwanafunzi anayesoma moja kila wiki kwa miaka mitatu au minne, akaandika kwa mkono wake nani alidai nini, swali la kisheria lilikuwa lipi na jaji aliamuaje, anakuwa ameshafanya sehemu kubwa ya kazi kabla hajafika huko.

Chuo gani basi? Jina lina uzito wake, hilo tusidanganyane. Kitivo cha sheria ndicho kilichoanzisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Humo wamepita Joseph Warioba, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria, Asha-Rose Migiro, aliyefika kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016.

Lakini orodha ya majina haimfundishi mtu kuandika hati ya kiapo. Mwombaji anafanya vizuri zaidi akiuliza mambo madogo: chuo kina mahakama ya mazoezi inayofanya kazi kweli, au ni chumba chenye meza ya jaji kinachofunguliwa siku ya wageni? Kazi za mwanafunzi zinarudishwa zikiwa na maoni, au na alama tu? Kuna kitengo cha msaada wa kisheria ambako mwanafunzi anaweza kujitolea? Mlimani, wahadhiri wamekuwa wakitoa msaada huo kwa wananchi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mama anayefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe hufundisha mengi zaidi ya sheria ya mirathi kwa saa moja kuliko desa kwa muhula mzima.

Aliyekosa alama za kwenda chuo kikuu moja kwa moja ana njia ya Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachotoa cheti na stashahada ya sheria. Njia ni ndefu zaidi, ila anayepita huko huzoea mapema taratibu za mahakama. Anayetaka kufanya kazi Zanzibar, ambako Mahakama za Kadhi ni sehemu ya mfumo wa mahakama, ana sababu nzuri ya kukitazama Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kinachofundisha sheria pamoja na sharia ya Kiislamu. Majirani nao wana milango yao: Wakenya hupita Kenya School of Law, Waganda Law Development Centre ya Kampala.

Lugha nayo ni mtihani wa pekee, na huu ndio huwaumiza wengi kimyakimya. Mihadhara ni Kiingereza, vitabu ni Kiingereza, na hukumu nyingi za mahakama za juu ni Kiingereza. Lakini mteja anaeleza shida yake kwa Kiswahili, mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayejifunza kuandika hoja ileile kwa lugha zote mbili hapotezi muda hata kidogo. Akiweza kumweleza bibi yake kijijini kwa nini Holaria Pastory alishinda, bila kuchomeka neno la Kiingereza, basi ameielewa kesi.

Suala la fedha limepungua makali kidogo. Zamani ada ya Law School ilikuwa ya familia kuhangaika, na wapo waliokaa nyumbani na shahada zao kwa miaka wakiitafuta. Sasa Bodi ya Mikopo imefungua dirisha kwa wanafunzi wa hapo pia, ingawa kuomba si kupata. Anayevuka huwasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, akaapishwa na kuandikishwa kwenye orodha ya mawakili, kisha kila mwaka hutakiwa kuhuisha leseni yake ili aendelee kusimama mbele ya hakimu na kuitwa wakili msomi.