Sura ya 7: Injini Haikatai Gari

Ukikaa katika gereji yoyote ya Ilala au Gerezani kwa muda wa kutosha, utasikia mtu akiambiwa, "Bosi, gari limekataa injini." Maneno haya hutamkwa pale injini iliyobadilishwa inapowaka na kuzima, inapokunywa mafuta kupita kiasi, au inapochemsha. Yakishatamkwa, uchunguzi umekwisha. Injini inateremshwa, mwenye gari anatumwa kutafuta nyingine, na ile iliyoteremshwa inarudi dukani kumsubiri mnunuzi mwingine. Nimeona injini nzima kabisa zikizungushwa hivyo kutoka gari hadi gari, huku ubovu wenyewe ukibaki palepale ulipokuwa: kwenye waya, kwenye ethi, au kwenye maji.

Mfano wa sura hii uko uani kwangu: Toyota Starlet ya EP82, ambayo injini yake ya 4E-FE imechoka na nafasi yake inachukuliwa na 5E-FE. Nitaanza na kuchagua injini, niende kwenye kuifunga, nimalizie na kuiwasha.

Starlet ya EP82 ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1989, na 4E na 5E ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote zina silinda nne, valvu 16, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 74. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: katika 4E pistoni husafiri milimita 77.4, katika 5E husafiri milimita 87. Piga hesabu mwenyewe na utapata CC 1331 kwa ya kwanza na CC 1497 kwa ya pili. Milimita hizo 9.6 ndizo zinazokupa nguvu ya kupanda kilima bila kuikamua injini, na kwa gari jepesi kama Starlet, dereva anazihisi tangu gia ya pili.

Hapo ndipo ninapoulizwa kama CC zikiongezeka mafuta nayo hayataongezeka kwa kiasi hichohicho. Hayataongezeka. Gari lilelile likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare linahitaji nguvu ileile, iwe imetoka kwenye injini ndogo au kubwa kidogo. Injini yenye pistoni ya mwendo mrefu inaweza kuitoa nguvu hiyo kwa mizunguko michache zaidi. Mtu anayeendesha kwa pupa atakula mafuta kwa injini yoyote ile. Na injini inayofanya kazi ikiwa baridi itakula zaidi ya zote, jambo nitakalolirudia hapa chini.

Kuna pia wanaokataa injini iliyotoka kwenye gari la ajali, hasa ikisemekana kuna mtu alifia humo. Wanasema ina mkosi. Sina subira na neno hilo, kwa sababu limewafanya watu waache injini iliyopimika wakanunua mbovu iliyopakwa rangi. Injini ya gari la ajali ina maswali yake halali. Je, maunti imevunjika ikapasua bloku? Je, puli ya mbele imepinda? Je, iliendelea kuzunguka bila oili baada ya sampo kutoboka? Yote hayo yanaonekana kwa macho na kupimika kwa mikono. Kifo cha dereva hakiachi alama yoyote kwenye chuma.

Kipimo cha kwanza dukani ni cha kompresheni. Plagi zote nne zitolewe, betri iwe imejaa, eksileta ikanyagwe mpaka mwisho, na kila silinda ipimwe kwa zamu. Kinachotafutwa zaidi ni ulingano: silinda zisipishane zaidi ya baa moja hivi. Fungua pia kifuniko cha oili. Ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekutana na oili, na hiyo injini iache hapohapo.

Halafu nunua injini pamoja na waya zake, sensa zake na kontroli boksi yake, vyote vikitoka kwenye gari moja. Muuzaji atakuambia 5E ni 5E. Si kweli. Zile za mapema, kama za Cynos na Corsa, zina distributa. Za baadaye, kama za Raum, hazina. Kontroli boksi ya moja haijui kuzungumza na nyingine, na pesa uliyookoa kwa kununua injini tupu utamlipa fundi umeme mara mbili.

Kwenye kufunga sina mengi. Mnyororo wa kunyanyulia ufungwe kwenye fremu ya chuma, kamwe usiufunge kwenye tawi la mwembe, na mtu asiingize hata mkono chini ya injini inayoning'inia, kwani pamoja na giaboksi yake ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Kabla ya kuirudisha badilisha taimingi belti, pampu ya maji, oili sili ya nyuma ya kranki na diski ya klachi, kwa sababu ni sasa tu vinapofikika kwa urahisi. Maunti za ukoo wa E zinaingiliana, kwa hiyo hapakuwa na chochote cha kuchomelea.

Injini ikawaka, ikapumua juu chini, ikazima. Jirani aliyekuwa akitazama akatoa hukumu: "Mzee, kontroli boksi hiyo imeungua."

Kontroli boksi ya Toyota ya miaka ile ni kifaa kigumu sana kufa. Karibu kila inayolaumiwa ni nzima. Tena inasema yenyewe inachoumwa, bila mashine yoyote ya bei kubwa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, na ndani yake matundu yaliyoandikwa majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini kwenye dashibodi inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mapigo sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu kisha moja ni 31, sensa inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi. Yetu ilitoa 31. Pini moja ya soketi ilikuwa imerudi nyuma, haigusi. Ikasukumwa mahali pake, injini ikatulia, ila ikabaki inavuta starta kwa uzito.

Hapo tunafika kwenye ethi, na naomba msomaji anivumilie, maana hiki ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote katika kitabu hiki. Watu hufikiri umeme hutoka tu kwenye chanya ya betri kwenda kwenye kifaa. Umeme lazima urudi, na unarudi kwa kupitia bloku ya injini, waya mnene wa ethi, na bodi, mpaka hasi ya betri. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo wa ethi usipofungwa vizuri, umeme wa starta hutafuta njia ya kando, na mara nyingi huiona kwenye kebo ya eksileta. Nimewahi kushika kebo hiyo ikiwa ya moto.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye chuma kitupu cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri, kisha mtu apige starta. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 kuna tatizo. Starta huvuta ampea zaidi ya 100; ukinzani wa ohm 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona, unakula volti nzima. Ndiyo maana ethi haipimwi kwa ohm wakati gari limezimwa. Inapimwa kwa volti ikiwa na mzigo. Kwenye Starlet hii mita ilisoma 1.1, kwa kuwa kichwa cha waya kilikuwa kimebanwa juu ya rangi. Rangi ikakwaruzwa, bolti ikakazwa, mita ikasoma 0.1. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Nilitaka sasa niende kwenye sailensa. Lakini injini ilipofika, ndani ya nyumba ya thamostati hapakuwa na kitu, na siwezi kulipita hilo.

Nusu ya magari ya zamani yanayopita uani kwangu hayana thamostati. Hoja ni ileile: hiki ni kifaa cha nchi za baridi, sisi tuna joto. Hoja hii inachanganya joto la hewa na joto la injini. Ndani ya silinda moto unapita nyuzi 2000. Hewa ya Dar es Salaam ni 32 mchana, ya Iringa 15 asubuhi. Kwa injini inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 80 na kitu, zote mbili ni baridi. Thamostati ni kidonge cha nta. Maji yakikaribia nyuzi 82 nta inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, mlango wa kwenda rejeta unafunguka. Maji yakipoa, springi inaufunga. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto na utaona yote hayo kwa macho.

Ukiitoa, gari likiwa barabarani maji hubaki vuguvugu. Sensa ya joto, yenye ohm kati ya 2000 na 3000 kwenye nyuzi 20 na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80, inaiambia kontroli boksi kwamba injini bado haijapata moto. Kontroli boksi inatii na kuongeza petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari analaumu CC. Tena asidanganywe na geji ya dashibodi: geji ina sensa yake yenye waya mmoja, kontroli boksi ina yake yenye waya mbili.

La ajabu kwa wengi ni kwamba gari lisilo na thamostati linaweza hata kuchemsha. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati inapofungua njia ya rejeta huwa inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Kama haipo, njia ya mkato iko wazi daima, na sehemu ya maji moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vimekuwa vikionya hivyo kwa miaka mingi. Gari likichemsha, angalia feni, kifuniko cha rejeta na usafi wa rejeta. Kifuniko kizima kinachobana kwa baa 0.9 hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Kilicholegea kinakurudisha 100. Na usijaze maji ya kisima yenye chumvi: chuma na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji hayo, aluminiamu ndiyo huliwa, na hedi yako ndiyo aluminiamu.

Thamostati mpya imeingia, pamoja na kulenti. Injini inanguruma kwa utulivu, taa inapepesa mapigo sawa. Imebaki sailensa, ambayo mchomeleaji ataimaliza kwa siku moja, na imebaki karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na anayebadilisha injini lazima apeleke mabadiliko hayo TRA, au NTSA akiwa Kenya, akiwa na risiti ya ununuzi mkononi. Dai risiti hiyo siku unayonunua injini, yenye namba ya injini iliyosomwa kwenye bloku mbele ya macho yako. Muuzaji anayekataa kuiandika, muache na injini yake.