Maadui Wawili Katika Ndoo Moja: Wanamaabara wa Tengeru na Maji ya Kunywa ya Nyanda za Haydom

Mtu anapochota maji katika vijiji vinavyoizunguka Haydom, mkoani Manyara, huyatazama kwanza. Yakiwa maangavu na hayana harufu, huyahesabu kuwa salama. Yakiwa na tope, huyaacha yatulie. Macho, hata hivyo, hayawezi kuwaona maadui wawili wakubwa wa maji ya ukanda huu. Wa kwanza ni vijidudu vitokanavyo na kinyesi cha binadamu na wanyama. Wa pili ni floridi, madini yanayoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuingia katika chemchemi na visima vya Manyara, Arusha, Kilimanjaro, Singida na mikoa mingine ya jirani.

Ugumu uko hapa: dawa ya adui mmoja si dawa ya mwenzake. Maji yakichemka, vijidudu hufa; lakini floridi hubaki yote, na kwa kuwa sehemu ya maji hupaa kwa mvuke, kiasi chake katika kila lita huongezeka. Mama aliyetii ushauri wa kuchemsha maji ameutimiza wajibu wake, na bado meno ya mwanawe yanaweza kuota yakiwa na madoa ya kahawia.

Kitendawili hiki ndicho kinachowashughulisha watafiti wa maji wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, Arusha, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011.

Haydom ilivyoufunza ulimwengu

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, imekuwa pia kituo cha utafiti. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti uitwao MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua uhusiano uliopo kati ya maambukizi ya tumbo, lishe na ukuaji. Vituo vingine vilikuwa Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini.

Funzo lake lilikuwa zito. Vinyesi vya watoto vilipopimwa hata wakati ambapo hawakuwa wakiharisha, vilionekana kubeba vimelea vya namna nyingi. Maambukizi hayo ya kimyakimya, hasa ya Shigela, Kampilobakta, Giadia na aina mojawapo ya bakteria wa E. koli, yalihusishwa na watoto kuwa wafupi kuliko inavyostahili wanapofikia umri wa miaka miwili. Kwa maneno mengine, mtoto anaweza kuumizwa na uchafu pasipo mzazi kuona dalili yoyote.

Je, dawa zingetosha? Swali hilo nalo liliulizwa hapo hapo Haydom. Katika jaribio la ELICIT, watoto 1,188 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa dawa za kuua vimelea, baadhi vitamini B3, wengine vyote viwili, na wengine dawa zisizo na kiambato. Walipofikisha miezi 18, ukuaji wao haukutofautiana. Kumtibu mtoto anayerudi kila siku katika mazingira yale yale ni sawa na kukausha sakafu huku paa likiendelea kuvuja.

Mchanga na chembe zisizoonekana

Miongoni mwa wanamaabara wa Tengeru, anayejulikana zaidi ni Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilayani Karatu, ambako lugha ya nyumbani ni Kiiraqw, kama ilivyo kwa wakazi wengi wa Mbulu na Haydom. Baada ya kusomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, alirudi na ujuzi wa nanoteknolojia na kubuni kichujio cha maji. Mwaka 2015 kichujio hicho kilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ambayo Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilikuwa ikiitoa kwa mara ya kwanza, pamoja na pauni 25,000.

Kichujio hicho kinaunganisha elimu ya kale na elimu mpya. Ya kale ni mchanga. Maji yanapopita polepole, mchanga huzuia tope na sehemu kubwa ya vijidudu. Elimu mpya ni chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni moja ya milimita. Udogo wake ndio nguvu yake: gramu moja ya unga wenye vinyweleo vya kiasi hicho inaweza kuwa na eneo la mamia ya mita za mraba la kunasia kemikali.

Jambo la maana zaidi ni kwamba kichujio hurekebishwa kulingana na maji yenyewe. Penye floridi huwekwa kinachonasa floridi. Penye metali nzito huwekwa kinachonasa metali hizo. Hivyo kazi huanza kwa kuyapima maji, ndipo kifaa kitengenezwe.

Mifupa ya ng'ombe nayo ni dawa

Nanoteknolojia si njia pekee. Kwa miaka mingi Kituo cha Utafiti wa Uondoaji wa Floridi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa humo na floridi hunaswa. Moto ukipungua, maji hutoka na harufu na rangi. Ukizidi, mkaa hupoteza uwezo wa kunasa. Kwa nchi ya wafugaji kama Mbulu na Hanang, malighafi hiyo haiko mbali.

Vichujio vyote hivi vina udhaifu mmoja unaofanana. Siku moja nafasi za kunasia hujaa. Siku hiyo kichujio hakibadiliki rangi, wala maji hayabadiliki ladha. Floridi huanza tu kupita. Ndiyo maana kugawa vichujio pasipo mpango wa kupima na kubadilisha viini vyake ni kuwapa watu matumaini yasiyo na msingi.

Upimaji wenyewe unahitaji maandalizi. Sampuli ya floridi hubebwa katika chupa ya plastiki na inaweza kungoja. Sampuli ya vijidudu haingoji: hubebwa katika sanduku la barafu na yapasa ifike maabara ndani ya saa 24. Kutoka Haydom hadi Arusha ni safari ya takriban kilomita 300, na masika hujua kuchelewesha magari. Hivyo upimaji wa karibu na kisima una thamani sawa na uvumbuzi wa kichujio.

Maji safi peke yake?

Watafiti wa maji wamejifunza unyenyekevu pia. Matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionesha kuwa kutia klorini katika maji, kujenga vyoo na kunawa mikono kwa sabuni havikupunguza kuhara wala kurefusha watoto kama ilivyotarajiwa. Hilo halimaanishi kuwa maji safi hayana faida. Linamaanisha kuwa vijidudu vina njia nyingi: kuku walalao ndani, udongo ambao mtoto anayetambaa hutia mdomoni, ndoo isiyo na kifuniko, kikombe kinachochovywa kwa mkono.

Kwa wakati huu, familia za Haydom na kwingineko katika ukanda huu zinaweza kuzingatia mambo haya:

Kisima kipimwe floridi kabla ya kutegemewa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana.

Penye floridi nyingi, maji ya mvua yaliyovunwa vizuri yawekewe kwanza watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani yangali yakiundwa. Maji hayo nayo yachemshwe au yatiwe dawa.

Magadi ya kulainishia maharage na makande yapunguzwe, kwa kuwa nayo huweza kubeba floridi nyingi.

Maji yaliyosafishwa yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na bomba.

Madoa ya floridi yakishaingia katika jino hayarudi nyuma, na kimo kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu kukirudisha. Ndiyo sababu mtoto anayezaliwa Haydom leo hawezi kungoja kichujio kilicho kamilifu. Anahitaji kisima cha kijiji chake kipimwe sasa, na kipimwe tena mwakani.