Kabla Hujamwita Mtu Kukata Mti Mkubwa Karibu na Nyumba

Mvua zinapokaribia mwezi Novemba, wakazi wengi wa Mpanda huanza kuutazama kwa wasiwasi mwembe au mkaratusi ulioinamia paa. Mti wa namna hiyo hauwezi kuangushwa mzima kutoka shinani, kwa sababu nyumba, uzio au nyaya za umeme zimo ndani ya urefu wake. Ni lazima mtu aupande na kuupunguza kipande kwa kipande kuanzia juu. Hiyo ni huduma unayoinunua kama nyingine yoyote, na una haki ya kujua unacholipia. Hapa tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa kwa usalama, ili uweze kumtambua fundi aliyejifunza.

Kupanda mti si kuukata

Katavi ni mkoa wa warina asali. Katika maeneo kama Inyonga, watu huikwea miti mirefu ya miombo ili kutundika mizinga na kuishusha. Ujuzi huo ni wa thamani, lakini peke yake hautoshi. Mrina asali huuacha mti kama alivyoukuta. Mkata matawi huubadilisha mti ule ule uliombeba. Kila tawi linapoanguka, uzito huhama na shina hutikisika. Kwa hiyo, anayejifunza kazi hii huanzia chini: hufunga mafundo, hukagua kamba, hupanda kimo kifupi na kutumia msumeno wa mkono. Msumeno wa mnyororo huja mwisho, chini ya uangalizi wa mwenye uzoefu.

Dalili za fundi aliyejifunza

- Huuzunguka mti kwanza, akitafuta uozo, matawi makavu, nyuki na nyaya.
- Huvaa kofia ngumu na mkanda wa kupandia. Anapokata, hujifunga mara mbili: kwa kamba kuu iliyopitishwa kwenye panda imara ya mti, na kwa kamba ya pili inayozunguka shina. Msumeno ukiikata moja, nyingine humshikilia.
- Hushika msumeno wa mnyororo kwa mikono miwili.
- Tawi hulikata kidogo upande wa chini kwanza, kisha upande wa juu, ili lisichanike na kumrudia. Tawi zito hulifunga kamba na kuliteremsha polepole.
- Hafanyi kazi peke yake. Chini huwapo wenzake, na mmoja wao ana vifaa na uwezo wa kupanda kumwokoa. Mtu aliyezimia huku akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa kwa muda mfupi.

Kabla ya kukubaliana bei

Ikiwa matawi yako karibu na nyaya, toa taarifa TANESCO na usiruhusu kazi ianze kabla hawajaja. Tawi bichi hupitisha umeme.

Muulize afisa misitu wa halmashauri yako kama mti huo unahitaji kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda baadhi ya miti, na kutojua hakumwondolei mtu wajibu.

Andikianeni makubaliano, hata kama ni ya ukurasa mmoja: kazi itakayofanywa, bei, nani ataondoa magogo, na nani atagharimia paa likivunjika. Uliza pia kama wasaidizi wa fundi wameandikishwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Bei iliyo chini mno mara nyingi humaanisha kwamba kuna kamba, kofia au msaidizi aliyepunguzwa.

Siku ya kazi

Watoe watoto na mifugo, na usisimame chini ya mti hata kwa dakika moja. Fundi akifika na msumeno bila kamba wala mwenzake, tunakushauri umrudishe kwa heshima. Mti uliosubiri miaka thelathini unaweza kusubiri wiki moja zaidi.