Joto la Jiko la Peleti: Linavyopimwa, na Yale ambayo Mizani Haiyaoni

Jiko la peleti limeingia katika mazungumzo ya afya ya jamii Afrika Mashariki likiwa na ahadi mbili: kwamba linapika haraka, na kwamba halina moshi. Ahadi ya kwanza inahusu joto, ya pili inahusu hewa. Mara nyingi hutamkwa kwa pumzi moja, na kipimo cha ile ya kwanza hutumiwa kuithibitisha ile ya pili. Hapo ndipo mgonjwa wa pumu, au mama anayepika akiwa na mtoto mgongoni, anapoweza kupotoshwa ingawa hakuna mtu aliyesema uongo.

Peleti ni vipande vidogo vya mviringo, vyembamba kama kalamu iliyokatwakatwa, vinavyotengenezwa kwa kushindilia vumbi la mbao au mabaki ya mimea kwa mashine yenye kani kubwa. Zisichanganywe na mkaa mbadala, ambao umekwisha kuchomwa kabla ya kufinyangwa. Kiwango cha kimataifa cha peleti za mbao za daraja la juu kinataka unyevu usizidi asilimia 10, na nishati isipungue megajuli 16.5 kwa kilo. Barani Ulaya na Amerika Kaskazini jiko la peleti ni mtambo wa kupashia nyumba joto, wenye bomba la kutolea moshi nje. Linalozungumziwa hapa ni lile dogo la kupikia. Huwashwa kwa juu; hewa kidogo hupita chini na kuzigeuza peleti kuwa gesi, kisha hewa nyingine, inayosukumwa na feni ndogo ya betri, huingia kwa vitundu vya juu na kuiunguza gesi hiyo. Mwali unaoonekana, kwa hiyo, ni wa gesi itokayo katika mbao.

Kulipima joto lake hakuhitaji maabara. Mizani ya jikoni, kipimajoto, saa na sufuria yenye maji vinatosha. Watafiti wamelitumia jaribio la kuchemsha maji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2018 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa utaratibu mpya wa maabara kwa majiko ya kupikia. Wazo lenyewe halikubadilika: maji huhesabu joto yaliyolipokea. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 4.186 ili kupanda nyuzi moja, na takriban kilojuli 2,260 ili kugeuka mvuke.

Tuseme sufuria ina kilo 5 za maji yenye nyuzi 25, katika mji wa pwani ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Baada ya dakika 25 yamechemka, na mizani inaonyesha kwamba gramu 200 zimepotea kwa mvuke, huku peleti zilizoungua zikiwa gramu 300. Kuyapandisha maji nyuzi 75 kumechukua kilojuli 1,570 hivi, na mvuke umechukua 452. Jumla ni takriban 2,020. Peleti zenye megajuli 17 kwa kilo zilikuwa na kilojuli 5,100. Sufuria, basi, imepata asilimia 40 ya joto lililotoka katika peleti, na asilimia 60 imekwenda hewani na kwenye mwili wa jiko. Ukigawanya kwa sekunde 1,500, moto wote ulikuwa na nguvu ya kilowati 3.4, na sehemu iliyoingia sufuriani ni kilowati 1.35.

Tarakimu hizi mbili za mwisho huchanganywa sana. Jiko linaloandikwa kuwa lina kilowati 3.4 linaweza kuchemsha maji polepole kuliko lenye kilowati 3, iwapo la pili linaishika sufuria vizuri zaidi. Mpishi hapiki kwa joto lililopita ubavuni mwa sufuria.

Makosa ya upimaji ni mengi, lakini machache ndiyo makubwa. Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, uko juu kiasi kwamba maji huchemka huko kwa nyuzi 95 hivi. Mpimaji anayeandika 100 kwa mazoea analisifu jiko kwa zaidi ya kilojuli 100 ambazo halikutoa. Peleti zilizokaa kwenye unyevu huvimba na kuvunjika, na sehemu ya joto lake huishia kukausha maji yaliyomo. Kisha kuna mkaa unaobaki chini. Ndani yake bado mna nishati nyingi, kwa hiyo mpimaji hana budi kueleza kama ameuhesabu kuwa umetumika au umesalia. Vipimo viwili vya jiko moja hutofautiana kwa sababu hiyo tu, na msomaji wa tangazo la biashara haambiwi.

Baada ya yote hayo, tarakimu inasema nini juu ya pafu? Karibu hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unaweka lengo kwamba jiko lisilo na bomba la moshi litoe si zaidi ya miligramu 0.23 za chembechembe laini kwa dakika. Hizo ni chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, zinazoweza kufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Katika dakika 25 za mfano wetu, lengo hilo halifiki miligramu 6, pungufu ya uzito wa punje moja ya mchele. Sasa jiko hilo hilo lichafuke, litoe chembe mara kumi zaidi. Nishati iliyopotea katika chembe hizo ni takriban kilojuli 2 kati ya 5,100. Hakuna mizani ya jikoni wala kipimajoto kitakachoiona. Kwa upande wa joto majiko hayo mawili ni mamoja. Kwa mtoto aliyelala karibu yana tofauti ya mara kumi.

Tena, hatua zinazoongeza joto sufuriani zinaweza kuongeza masizi. Sufuria ikishushwa karibu mno na mwali, chuma baridi huupoza moto kabla gesi haijaungua yote. Ufanisi unapanda, na kitako cha sufuria kinakuwa cheusi. Moshi, kwa hiyo, unahitaji kipimo chake wenyewe, kilichochukuliwa jikoni wakati chakula halisi kinapikwa.

Hilo lilifanyika Rwanda. Kampuni moja iliyoanzia Gisenyi ilikodisha majiko ya peleti yenye feni na kuuza peleti, na matokeo ya vipimo vilivyochukuliwa ndani ya nyumba za wateja yalichapishwa mwaka 2019. Kwa jumla majiko hayo yalichafua hewa kwa kiwango kidogo mno kuliko kuni na mkaa. Palikuwa pia na vipindi vichache vya upishi ambamo uchafuzi ulipanda sana, kwa jiko lile lile. Baadaye kampuni ilifunga shughuli zake, na jiko linalotegemea peleti za muuzaji mmoja halina kazi muuzaji anapoondoka.

Malawi inatoa onyo la namna nyingine. Katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017 uliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano. Nyumba za kundi moja zilipewa majiko mawili yenye feni, yanayotumia kuni na si peleti. Nyumba nyingine ziliendelea na moto wa kawaida. Nimonia haikupungua. Watafiti wenyewe walitaja vyanzo vingine vya moshi vilivyokuwa vikiendelea, pamoja na uchomaji wa taka na tumbaku. Jiko safi katikati ya moshi mwingine hulinda kidogo sana.

Na moshi mwingine mara nyingi hutoka katika nyumba hiyo hiyo, kwa sababu inayorudi kwenye joto. Jiko linalopakia gramu 500 za peleti na kuwaka kwa kilowati 3.4 humaliza mzigo wake kwa dakika 42 hivi. Maharage makavu yanaweza kuchukua saa mbili. Hata moto ukipunguzwa nusu, peleti zitakwisha kwenye dakika ya 83, chungu kikiwa bado kinatokota. Mpishi aepue, amwage mkaa wa moto, apakie upya na kuwasha tena. Wengi hawafanyi hivyo. Maharage huinjikwa kwenye mafiga matatu au jiko la mkaa, na jiko la peleti hubaki la chai na mboga. Lawama isiangukie uzembe wa mpishi. Mtu aliyelipima jiko kwa maji ya kuchemka peke yake hakuuliza swali la moto mdogo wa muda mrefu, na hilo ndilo swali la jikoni.

Mhudumu wa afya anayemtembelea mgonjwa wa kifua sugu, kwa hiyo, atapata habari zaidi kwa kuuliza jana kulipikwa nini, na kwa jiko lipi, kuliko kwa kuuliza kama nyumba ina jiko la kisasa. Jibu la swali la pili karibu daima ni ndiyo.

Hatari moja huja jaribio linapoonekana limekwisha. Mwali ukizimika, mkaa uliobaki ndani ya jiko huendelea kufukuta bila moshi unaoonekana, na hapo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko linalopimwa, au linalopikiwa, litolewe nje au mkaa wake uzimwe kwa maji nje ya nyumba. Lisiachwe chumbani usiku ili kuondoa baridi. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyowapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, bila homa, viamshe shaka. Watu hao watolewe kwenye hewa safi mara moja na wapelekwe kituoni. Mhudumu atakayewapokea asitulizwe na kifaa cha kawaida cha kidoleni cha kupimia oksijeni: kifaa hicho hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Apewe oksijeni nyingi kwa barakoa bila kusubiri kipimo cha damu, na aulizwe, yeye au aliyemleta, jiko lilikuwa wapi.