Kiwanja cha Uzeeni Kikaguliwe Oktoba

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini watumishi wengi walifungasha virago baada ya agizo la Rais John Magufuli la Julai 2016. Matokeo yake yanasomeka katika sensa: Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na kufikia mwaka 2022 walikuwa 765,179. Katika umati huo wamo watumishi waliovuka miaka 50, ambao hawana tena mpango wa kurudi Dar es Salaam, Moshi wala Bukoba. Wamenunua viwanja Msalato, Veyula, Makutupora, Ihumwa na kwingineko, na wanasubiri mafao ili wajenge. Ukiwasikiliza wakilinganisha maeneo, utasikia bei, ukubwa wa kiwanja, lami na hati. Mambo hayo yana uzito wake, na asiyedai hati anajitafutia kesi. Hata hivyo naona swali linalopaswa kutangulia yote linaulizwa mwisho, au haliulizwi kabisa: mwezi Oktoba maji yanafikaje hapa, na yatafikaje siku ambayo mwenye nyumba ana miaka 78 na hawezi kubeba ndoo?

Dodoma si jangwa. Ni nyanda za juu zilizo nusu kame, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, zenye mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 570 kwa mwaka. Tatizo ni mgawanyo wake. Karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata takriban miezi saba ya ukavu na upepo wa vumbi. Oktoba na Novemba jua la mchana hufikisha nyuzi joto 31 au zaidi, ilhali usiku wa Julai hushuka hadi 13 hivi. Wapo wanaosema, na ni kweli, kwamba hali hii ni nafuu kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa hewa kavu hukausha jasho na usiku mtu hulala vizuri. Lakini unafuu huo ndio unaomdanganya mzee. Jasho linalokauka kabla halijaonekana bado ni maji yaliyotoka mwilini. Kadiri umri unavyosonga, hisia ya kiu hupungua, figo hushindwa kubana maji kama zamani, na ngozi hupoteza uwezo wa kuupoza mwili haraka. Juu ya hayo, wazee wengi wa shinikizo la damu hutumia dawa zinazoongeza mkojo, na wanaume wenye tezi dume iliyovimba hujinyima maji jioni ili wasiamke mara tano usiku. Mzee wa namna hiyo anaweza kukauka mwili akiwa amekaa kivulini bila kusikia kiu, na dalili za kwanza zikawa kizunguzungu, kuanguka au kuchanganyikiwa, mambo ambayo familia huyahesabu kuwa uzee tu. Kwake maji ya uhakika ndani ya nyumba ni sehemu ya matibabu.

Maji yenyewe, kwa sehemu kubwa ya jiji, yanatoka Makutupora. Bonde hilo, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya kwenda Kondoa, lina visima virefu vya Mzakwe ambavyo DUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, imevitegemea kwa miongo mingi. Ni bahati kubwa kwamba vipimo vya kina cha maji ya bonde hili vimehifadhiwa tangu miaka ya 1950. Ni nadra kukuta kumbukumbu ndefu hivyo katika nchi za tropiki. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walizichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change. Walichokiona ni kwamba mvua ya kawaida haijazi mwamba unaohifadhi maji chini ya ardhi. Bonde hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya Elinino ya 1997/98, na katika miaka mingi inayofuata kina hushuka taratibu wakati pampu zikiendelea kuvuta. Ni kama mafao ya mkupuo: yanaingia mara moja, halafu unachota kila mwezi bila kujua lini yataingia mengine. Sasa linganisha tabia hiyo na mji ambao idadi ya watu wake imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba limezungumziwa kwa miaka mingi, na wazo la kuleta maji ya Ziwa Victoria nalo lipo. Miradi hiyo ni muhimu na inastahili kupiganiwa. Mstaafu, hata hivyo, hapaswi kupanga uzee wake kwa maji ambayo bado hayajaingia kwenye bomba lake, wala kuridhika na jibu la dalali kwamba bomba limeshapita. Bomba linaweza kupita na maji yakaja kwa mgao, siku mbili kwa wiki, usiku wa manane, kwa msukumo usiofika kwenye tangi la juu.

Wengi hujibu kwamba watachimba kisima chao. Jibu hilo lina mantiki, ila linahitaji kupimwa. Kwanza, kisima kirefu kinahitaji kibali cha kutumia maji kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na upande wa Makutupora mwenye mamlaka hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Pili, maji ya chini ya ardhi ya Kanda ya Kati hayafanani: kuna mahali ni matamu, kuna mahali yana chumvi, na katika maeneo kadhaa yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Chumvi hiyo si jambo dogo kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, na floraidi nyingi inayonywewa kwa miaka hudhuru meno na mifupa. Maji yapimwe maabara kabla ya msingi kuchimbwa. Tatu, pampu inakula umeme na inaharibika, na fundi wa kuivuta kutoka mita 100 chini hafanyi kazi ya bure. Gharama hiyo humkuta mtu wakati kipato chake ni pensheni peke yake. Na anayeuziwa shamba la bei poa jirani na visima vya Mzakwe ajue kwamba eneo la chanzo cha maji linalindwa kisheria, tena kwa sababu nzuri: vyoo vya shimo vikijaa juu ya bonde, uchafu wake utaishia kwenye bomba la mji mzima.

Ninachokipendekeza ni cha kawaida sana, na hesabu yake ni fupi. Paa la nyumba ndogo lenye mita za mraba 100 hupokea lita 55,000 mvua ikifika milimita 550. Tuseme robo inapotea kwa uvukizi, kumwagika na kuoshea paa mvua za kwanza. Zinabaki lita zaidi ya 41,000. Wazee wawili wakitumia lita 80 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, siku 210 za kiangazi zinahitaji lita 16,800. Maana yake simtanki nne za lita 5,000, au tangi moja la zege chini ya ardhi, zikijaa kufikia Aprili zinawavusha hadi mvua zinazofuata hata bomba likikatika kabisa. Mwaka wa ukame mvua ikishuka hadi milimita 350, paa hilohilo bado linatoa lita zaidi ya 26,000. Maji haya hayana chumvi wala floraidi. Yanahitaji paa safi, wavu kwenye mfereji na kuchemshwa kabla ya kunywa. Kwa hiyo wakati wa kupanga matumizi ya mkupuo, ambao kwa watumishi waliokuwa kwenye kikokotoo cha mafao cha asilimia 50 ulishuka hadi 33 mwaka 2022 kisha ukapandishwa hadi 40 mwaka 2024, ningepunguza chumba kimoja cha kulala na kuweka matangi. Chumba cha nne wajukuu watakilalia wiki mbili kwa mwaka, ilhali matangi yatatumika kila siku.

Kuna hoja nzito zaidi, ya kwamba Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wamezeeka katika nchi hii vizazi na vizazi bila bomba wala simtanki. Ni kweli, na inafaa tutazame walifanyaje. Tembe ya Kigogo ilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa la fito lililofunikwa udongo, milango michache, na ua wa ng'ombe katikati. Udongo huo ulichelewa kupata joto mchana na ulichelewa kupoa usiku, hivyo ndani palikuwa na nafuu Oktoba na vilevile Julai. Nyumba ya bati isiyo na dari inafanya kinyume: saa nane mchana inachoma, saa kumi alfajiri inatetemesha. Mstaafu hahitaji kurudi kwenye tembe, ila anahitaji dari nzuri, kuta nene, baraza pana upande wa magharibi, na mwarobaini uliopandwa miaka mitano kabla hajahamia. Zaidi ya jengo, tembe ilikuwa na watu. Mzee hakwenda mtoni. Walikuwepo vijana wa kwenda. Na hata kwa mpangilio huo, ukame ulipozidi, kama katika njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 hadi 1920, watu walikufa na wengine wengi wakahama. Anayehamia Makutupora leo huja na mwenzi wake tu, labda na msaidizi wa kazi. Mfano wa Wagogo unatufundisha kutafuta majirani pia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopenda viwanja vya mbali kwa sababu ni vikubwa. Viwanja vingi vipya vimenunuliwa na watu wasiokusudia kujenga karibuni, na anayetangulia kujenga huishi na vichaka pande tatu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo mjini. Kutoka Makutupora ni zaidi ya kilomita 20. Mstaafu mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) huendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake, lakini kadi haiendeshi gari usiku. Kwa hiyo pafaa mahali penye kituo cha afya karibu, bodaboda wanaofahamika, na nyumba ambazo taa zake huwaka. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imewasogeza sana watoto wanaoishi Dar es Salaam, na hilo ni jambo la kufurahia. Ila mtu asichanganye majina: Makutupora inayotajwa katika kipande cha reli cha Morogoro hadi Makutupora ipo Manyoni, mkoani Singida, mbali na hii ya mashamba ya zabibu.

Zabibu nazo zimewavuta wastaafu wengi. Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kinatoa miche na ushauri. Lakini mzabibu unataka kukatiwa matawi kwa wakati, kupuliziwa dawa na kumwagiliwa kiangazi, na maji yake yanatoka chini ya ardhi ileile. Robo eka ya kumpa mtu shughuli ya asubuhi ni jambo jema. Eka tano za kukopea benki katika umri wa miaka 61 ni biashara ya kijana.

Nchi nyingine zimepita njia hii ya wastaafu kuhamia sehemu kame. Sun City, mji wa wastaafu jangwani Arizona nchini Marekani, ulifunguliwa Januari 1, 1960, na mingine ikafuata. Mwaka 1980 jimbo hilo lilitunga sheria kwamba, katika maeneo yanayodhibitiwa, anayepima viwanja athibitishe kwanza kuwa kuna maji ya kutosha miaka 100. Juni 2023 likasitisha vibali vipya pembezoni mwa Phoenix kwa miradi inayotegemea maji ya ardhini peke yake. Mwaka huohuo joto liliua watu 645 katika kaunti ya Maricopa, wengi wao wa miaka 50 au zaidi, katika nchi tajiri yenye viyoyozi. Halmashauri ya Jiji la Dodoma na DUWASA hawana haja ya kuiga miaka 100. Waanze kwa kuambatanisha na kila tangazo la viwanja karatasi moja inayoeleza maji ya eneo hilo yanatoka chanzo kipi, yalitoka siku ngapi Oktoba iliyopita, na kina cha maji katika visima vya Mzakwe kimepanda au kimeshuka tangu mwaka uliotangulia. Vipimo hivyo huchukuliwa tayari. Mnunuzi anastahili kuvisoma kabla ya kulipa.