Jino limevishwa kofia na bado linauma? Usinyamaze

JE, umelipa maelfu ya shilingi ili gego lako livishwe kofia, na sasa linakuuma kuliko hapo awali?

Wengi walio katika hali hiyo humeza tembe za kutuliza maumivu na kunyamaza. Huona haya kurudi kwa daktari, au huhofia kuitishwa pesa zaidi. Wengine huchoka kabisa, wakaenda kwingine na kuomba jino ling'olewe.

Njia zote mbili zaweza kukugharimu zaidi. Maumivu ya jino lililovishwa kofia huwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo huondolewa kwa dakika chache tu. Jambo muhimu ni kutambua ni maumivu ya aina gani, na kumweleza daktari wako mapema.

Kofia hiyo, ambayo madaktari huiita krauni, hufunika sehemu yote ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Hutengenezwa kwa chuma, kwa kauri, au kwa chuma kilichofunikwa kwa kauri. Siku hizi kuna pia zirkonia, ambayo ni ngumu sana na ina rangi inayokaribia ile ya jino. Huhitajika hasa jino likiwa limevunjika, limezibwa mara nyingi hadi kuta zake zikawa dhaifu, au limetibiwa mzizi.

Ili kofia ipate nafasi, daktari hukudunga sindano ya ganzi, kisha husaga jino pande zote, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2. Baadaye huchukua kipimo cha jino na kukipeleka kwa fundi wa maabara. Wewe huvishwa kofia ya muda hadi ile ya kudumu itakapokuwa tayari.

MAUMIVU YANASEMA NINI?

Ukihisi ganzi ikiisha na ufizi unauma kidogo, usiwe na wasiwasi. Jino ambalo bado liko hai pia laweza kushtuka unapokunywa maji baridi au chai moto. Hali hiyo huweza kuendelea kwa siku kadhaa au wiki chache, lakini inapaswa kupungua kadiri siku zinavyopita.

Ikiwa jino linauma unapotafuna tu, huenda kofia imeinuka kidogo kuliko meno mengine. Daktari atakupa karatasi ya rangi uiume, aone mahali panapogongana, kisha apasage kidogo. Usingoje jino "lizoee" kofia. Likigongwa kila unapokula, litazidi kuumia.

Maumivu yanayopiga kama moyo, yanayokuamsha usiku, au yanayodumu muda mrefu baada ya kunywa kitu cha moto ni jambo jingine. Hayo huashiria kwamba kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, kimevimba au kinakufa. Hapo matibabu ya mzizi huhitajika, na mara nyingi daktari anaweza kuyafanya kwa kutoboa tundu dogo kwenye kofia. Si lazima iwe ni kosa lake. Jino lililooza sana huenda lilikuwa limekwisha kuumia ndani hata kabla ya kusagwa.

Je, jino lililotibiwa mzizi laweza kuuma? Ndiyo. Ingawa neva zake zimeondolewa, nyama na mfupa unaolizunguka bado una hisia. Huenda kuna viini vya maradhi vilivyobaki, au mzizi umepata ufa. Picha ya eksirei husaidia kuchunguza hali hiyo, ingawa ufa mdogo huenda usionekane.

Ukivimba uso au shingo, ukapata homa, ukashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vyema, nenda hospitalini mara moja. Usaha wa jino ukienea shingoni waweza kuua.

TEMBE SI TIBA

Dawa za kutuliza maumivu hukupa nafasi ya kumfikia daktari, hazitibu jino. Mtu mzima asipitishe tembe 8 za parasetamoli za miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba asimeze ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Usiweke aspirini juu ya ufizi, kwani itauchoma. Usinunue viuavijasumu dukani pia. Haviponyi kiini kilichovimba.

ULIZA KABLA YA KULIPA

Katika kliniki za kibinafsi mjini Nairobi, matibabu ya mzizi pamoja na krauni ya gego moja hupita shilingi 20,000 kwa urahisi. Tatizo ni kwamba mgonjwa hutajiwa bei ya kofia peke yake, kisha hushangaa gharama zinapoongezeka.

Kwa hivyo omba makadirio yaliyoandikwa, yanayoonyesha kila kitu kando: ada ya kumwona daktari, eksirei, matibabu ya mzizi, kujenga upya jino lililobomoka, kofia ya muda, kazi ya maabara na kofia yenyewe. Uliza pia ni nani atakayelipa ikiwa kofia itang'oka au itahitaji kusagwa tena, na kwa muda gani.

Usidhani kwamba bima italipa. Baadhi ya bima hulipia kung'oa na kuziba meno lakini huacha krauni. Iwe ni ya mwajiri wako au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza na upate idhini kabla jino halijaguswa.

Kosa linalowaponza wengi ni kutibiwa mzizi, kuona maumivu yametoweka, kisha kuishiwa na pesa za kofia. Gego la namna hiyo huwa dhaifu, na laweza kupasuka ukitafuna mfupa au mahindi ya kuchoma. Likipasuka hadi kwenye mzizi, kwa kawaida hung'olewa, na pesa zote ulizolipa zimekwenda bure.

Ikiwa huna pesa za kutosha, sema wazi kabla ya kuanza. Daktari aweza kulijenga jino kwa dawa imara ya kuziba huku ukijichanga, au kukubali ulipe kidogo kidogo. Jino la mbele lililotibiwa mzizi, ikiwa halijabomoka sana, huenda lisihitaji kofia kabisa. Krauni ya chuma kwa gego la nyuma lisiloonekana mara nyingi huwa nafuu kuliko ya zirkonia.

Waweza pia kuuliza katika hospitali ya mafunzo ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wagonjwa wakisimamiwa na wahadhiri. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini ada huenda zikawa nafuu.

Jihadhari na watu wanaobandika kofia za bei ya chini mitaani au katika vyumba vya urembo. Daktari wa meno anapaswa kuwa na leseni ya baraza la KMPDC, nawe una haki ya kuiulizia.

Mwisho, kofia haizuii kuoza. Jino laweza kuoza pale kofia inapokutana na ufizi, kwa hivyo piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na upitishe uzi kati ya meno. Likianza kuuma, rudi kwa aliyelitibu mapema ukiwa na makadirio yako mkononi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.